Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kasi ya siriali, ISDN na kubana data

Maswali haya huletwa zaidi na watu wa aina mbili: wanafunzi wa mitandao waliokutana na ISDN (laini ya simu ya kidijitali) kwenye mtihani, na mafundi waliokaa mbele ya ruta au PBX (mtambo wa simu za ndani ya ofisi) ya zamani, kebo ya konsoli mkononi, wakijiuliza mbona kazi haiendi. Majibu yanaanzia kwenye kebo ya siriali, inayopitisha biti moja baada ya nyingine, yanapanda hadi laini ya simu, kisha yanaingia kwenye kubana data. Kilobiti moja hapa ni biti 1,000 kamili, kama watu wa simu wanavyohesabu.

Poti yangu imewekwa 115200. Nigawe kwa 8 nipate baiti?

Gawa kwa 10. Kwenye siriali ya kawaida kila baiti husafiri na biti moja ya kuanza mbele yake na biti moja ya kumaliza nyuma yake, kwa hiyo biti 8 za data zinakalia nafasi ya biti 10. Huo ndio mpangilio unaoandikwa 8N1. Biti 115,200 kwa sekunde zinakupa baiti 11,520, si 14,400. Ukiongeza biti ya pariti, ya kukagua makosa, gawa kwa 11.

Namba 115,200 yenyewe ina asili yake. IBM PC ya mwaka 1981 ilitumia chipu ya UART, ile inayoendesha poti ya siriali, aina ya 8250, iliyopewa saa ya megahezi 1.8432, na chipu hiyo huhitaji angalau mapigo 16 ya saa kwa kila biti. Gawa 1,843,200 kwa 16 uone. Hiyo ikawa dari ya poti za COM kwa miaka mingi, na itatusumbua tena tukifika kwenye ISDN.

Ruta imepoteza mfumo wake. Nikiurudisha kwa itifaki ya Xmodem kupitia konsoli itachukua muda gani?

Tuseme faili lina baiti milioni 30. Kwa 9600, kasi ambayo ruta nyingi huja nayo, unapitisha baiti 960 kwa sekunde. Jumla ni sekunde 31,250, yaani saa nane na dakika arobaini. Kwa 115200 ni dakika 43 na kitu. Kwa hiyo badilisha kasi kwanza, kwenye ruta na kwenye kompyuta, ndipo uanze kutuma. Wapo wanaoanza kutuma kwa 9600 wakidhani wataokoa dakika mbili za kubadilisha, na asubuhi inawakuta hapo hapo.

Hizo ni hesabu za kebo tupu. Xmodem, aliyoiandika Ward Christensen mwaka 1977, hutuma data kwa vipande vya baiti 128, kila kipande kikiongezewa baiti 4, kisha husimama kusubiri baiti moja ya jibu kutoka upande wa pili. Jibu lisipofika, kipande kinachofuata hakiondoki. Kama ruta inakubali Xmodem-1K, yenye vipande vya baiti 1,024, tumia hiyo. Na kama poti ya Ethernet inafanya kazi hata katika hali ya dharura, achana na siriali kabisa, tumia TFTP, itifaki nyepesi ya kuhamisha mafaili kwenye mtandao.

Nimeweka 115200 kweli, lakini kupitia kigeuzi cha USB napata chini ya nusu. Kebo mbovu?

Huenda kebo haina kosa. Vigeuzi vingi havipeleki kila baiti kwenye kompyuta papo hapo, hukusanya kwanza. Vile vyenye chipu ya FTDI, kwa mpangilio wa kiwandani, husubiri hadi milisekunde 16 kabla ya kukabidhi kilichokusanywa kama bafa (hifadhi ya muda) haijajaa. Sasa rudi kwenye Xmodem: kipande cha baiti 132 kinachukua milisekunde 11.5 kupita kwenye kebo kwa 115200, halafu lile jibu la baiti moja linaweza kulala ndani ya kigeuzi milisekunde 16 nyingine. Kipande kimoja kimekula milisekunde 27.5, na kasi yako imeshuka hadi baiti 4,650 hivi kwa sekunde, hali kebo inasoma 115200 bila uongo wowote.

Punguza muda huo wa kusubiri hadi milisekunde 1. Kwenye Windows uko katika mipangilio ya ziada ya poti. Kwenye Linux ni faili linaloitwa latency_timer chini ya /sys/bus/usb-serial. Kwa kazi ya kusoma tu maandishi yanayotiririka hutaona tofauti. Kwa itifaki yoyote ya "tuma, subiri jibu" utaiona mara moja.

Herufi zinaruka, au faili linafika limeharibika. Nianzie wapi?

Anza na udhibiti wa mtiririko, yaani namna upande mmoja unavyouambia mwingine usimame au uendelee. Uwe wa nyaya, RTS na CTS, pande zote mbili. Njia ya XON na XOFF hutumia baiti mbili maalumu, 11 na 13 kwa heksadesimali, kama amri za "endelea" na "simama", na baiti hizo zimejaa tele ndani ya mafaili ya picha na programu. Pia hakikisha kebo yenyewe ina waya hizo: kebo ya waya tatu haina RTS wala CTS, hata uweke alama ya tiki mara ngapi kwenye programu.

Kwenye mashine za zamani sana angalia chipu. Kwa 115200 baiti moja huingia kila baada ya mikrosekunde 87, na 8250 au 16450 hazina pa kuihifadhi baiti ya pili ya kwanza isipochukuliwa kwa wakati. 16550A ina bafa ya baiti 16, inayoipa kompyuta nafasi ya kupumua.

Modemu iliandika CONNECT 115200, lakini faili linashuka kwa kilobaiti 4 tu kwa sekunde. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Modemu nyingi, kwa mpangilio wao wa mwanzo, hukutajia kasi ya kebo iliyo kati yao na kompyuta, si kasi ya laini ya simu. Kuna amri ya kuzifanya zitaje kasi ya laini, mara nyingi ni W2 au rejista S95 kutegemea chipu, na ni vizuri kuiweka kabla ya kumlaumu mtu.

Kilobaiti 4 ndiyo kasi halali ya modemu ya kilobiti 33.6. Na hapa kuna zawadi ndogo: itifaki ya V.42 ya kusahihisha makosa huondoa zile biti za kuanza na kumaliza kabla ya kutuma kwenye simu, ndiyo maana kwenye laini unagawa kwa 8 na si kwa 10. Biti 33,600 zinakuwa baiti 4,200, toa kidogo kwa ajili ya fremu.

Sanduku la modemu ya V.34 ya mwaka 1994 nalo lilipenda kuandika 115,200 kwa herufi kubwa. Ilipatikana kwa kuzidisha 28,800 mara nne, kwa matumaini ya ubanaji. Tutalifikia hilo la mara nne.

Na "56K" mbona haikufika 56?

V.90, kiwango cha modemu hizo cha mwaka 1998, kilitegemea upande wa mtoa huduma uwe umeunganishwa kidijitali, kwa hiyo kasi hiyo ilikuwa ya kushusha tu; kupandisha ilibaki 33.6. Marekani, kanuni za nguvu ya mawimbi kwenye laini ziliiwekea kikomo cha 53.3. Kwingine, waya wa shaba wa mtaani ndio uliokata maneno.

ISDN inatoa nini hasa?

Laini ya msingi ina chaneli mbili za B, kila moja kilobiti 64, na chaneli moja ya D ya kilobiti 16 kwa ajili ya ishara za kupiga na kukata simu. Ile 64 imetoka kwenye sauti: vipimo 8,000 kwa sekunde, kila kimoja biti 8. Laini kubwa, iitwayo PRI, inategemea uko wapi. Marekani na Japani ni chaneli 23 za B ndani ya T1 ya megabiti 1.544, Ulaya, na huku kwetu Afrika Mashariki, ni chaneli 30 ndani ya E1 ya megabiti 2.048. Ukikuta kitabu cha Kimarekani kinasema 23 na fundi wa PBX anasema 30, wote wako sawa.

Faida ambayo watu husahau ni muda. Modemu hulia na kujadiliana nusu dakika kabla ya kuunganika. ISDN huunganika ndani ya sekunde chache, na ucheleweshaji wake ni mdogo sana kuliko wa modemu kwa sababu hakuna kubadilisha dijitali kuwa sauti na kurudi. Kwa anayefanya kazi kwenye mashine ya mbali kwa kuandika amri, hilo lilikuwa na thamani kuliko kilobiti zenyewe.

Nimeunganisha chaneli zote mbili kupitia adapta ya nje, lakini haifiki 128. Kwa nini?

Kwa sababu ya ile dari. Chaneli mbili ni biti 128,000 kwa sekunde, na ISDN haina biti za kuanza wala kumaliza, kwa hiyo ni baiti 16,000. Adapta yako imechomekwa kwenye poti ya COM inayopitisha baiti 11,520. Faili la baiti milioni moja, ambalo laini ingelimaliza kwa sekunde 62.5, litachukua sekunde 87. Karibu asilimia 28 ya laini inakaa bure, na mita ya simu inahesabu simu mbili.

Hapo bado hujabana chochote. Ukiwasha ubanaji kwenye adapta na data ikapungua nusu, hata chaneli moja inaweza kuleta baiti 16,000 kwa sekunde upande wa kompyuta, na kebo ikaziba tena. Yaani adapta ya nje yenye ubanaji mzuri kwenye poti ya 115200 ni fedha iliyotupwa. Waliolijua hili walinunua kadi za siriali za 230,400 au 460,800 zenye chipu kama 16650, au, njia niliyoiona ya busara zaidi, kadi ya ndani ya ISDN au ruta yenye poti ya Ethernet, na siriali ikatoka njiani moja kwa moja.

Ukiamua kubaki na adapta ya nje, zima chaneli ya pili. Au iweke ifunguke tu trafiki ikizidi na ifungwe ikipungua.

Kuna chaneli ya B ya kilobiti 56?

Ndiyo, hasa Amerika Kaskazini, kwenye njia za simu zilizoazima biti moja kwa ajili ya ishara. Ukiunganika kwa 64 na data ikatoka takataka, jaribu 56.

"Inabana hadi mara nne." Kuna ukweli?

Upo, kwa faili linalofaa. V.42bis, ya mwaka 1990, ni ya ukoo wa mbinu za Abraham Lempel na Jacob Ziv: pande mbili hujenga kamusi moja kadiri data inavyopita, na mfuatano uliokwisha kuonekana hutumwa kama namba fupi badala ya kuandikwa tena. Orodha ndefu ya majina, jedwali lenye nafasi tupu nyingi, au faili la kumbukumbu za seva linalorudia tarehe ile ile kila mstari hubanika sana. Insha ya kawaida, mara mbili au zaidi kidogo. Programu iliyotafsiriwa kwa lugha ya mashine, chini ya hapo. Picha ya JPEG au faili la ZIP, hakuna kitu.

MNP5 ya kampuni ya Microcom ilikuwa na kasoro mbaya zaidi: haikujua kuacha. Ukiipa faili la ZIP, ilitoa data nyingi kuliko iliyopokea, na upakuaji ukawa wa polepole kuliko bila ubanaji. V.42bis hupima matokeo yake. Ikiona haipunguzi, hupitisha data kama ilivyo hadi mambo yabadilike. Kama umekwama na modemu yenye MNP5 pekee na kazi yako ni mafaili yaliyobanwa tayari, uzime ubanaji huo.

Kwa nini haiwezekani kubana faili lililokwisha banwa?

Ni hesabu. Mafaili ya urefu fulani ni mengi kuliko mafaili yote mafupi kuliko hapo yakijumlishwa, kwa hiyo hakuna programu inayoweza kulipatia kila faili jina fupi la peke yake. Kinachopungua ni marudio. Gunia la mkaa likishashindiliwa barabara, ukirudia kushindilia unachosha mikono tu. Anayekuuzia programu inayopunguza faili lolote lile, na ukirudia linapungua tena, mfunge mdomo kwa kumwomba alipunguze hadi biti moja.

Basi nibane wapi: kwenye faili, kwenye kompyuta, au kwenye modemu?

Kwenye faili, mapema, mara moja. Kamusi ya V.42bis ni ndogo. Kiwango kinaruhusu ianzie maneno 512, na modemu nyingi zilikuwa na elfu moja au mbili. Deflate, mbinu iliyo ndani ya ZIP na gzip, huangalia nyuma kilobaiti 32 na huongeza misimbo ya Huffman, inayozipa alama zinazojirudia zaidi namba fupi zaidi, juu yake. Aidha, faili lililobanwa kabla ya kutumwa hupita kwenye kebo ya siriali likiwa dogo. Lililobanwa na modemu hupita kwenye kebo likiwa kubwa, na ile dari ya 11,520 inalingoja. Ubanaji wa modemu ulikuwa na maana kwa vile usivyoweza kuvibana mwenyewe: barua, kurasa, maandishi ya moja kwa moja.

Nimewasha ubanaji wa PPP na haubani. Au unganisho linakatika.

Pande mbili za PPP, itifaki ya kuunganisha kompyuta na mtandao kupitia simu au siriali, hujadiliana kupitia CCP, sehemu yake ya kukubaliana juu ya ubanaji, iliyoelezwa katika RFC 1962 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) ya mwaka 1996. Kila upande unataja mbinu unazozijua: Stac LZS, MPPC ya Microsoft, Predictor, Deflate. Zisipofanana hata moja, mnaendelea bila ubanaji, na hakuna ubaya. Kinachokata unganisho ni programu zilizotekeleza mbinu ile ile kwa namna tofauti. Dalili yake ni unganisho linalokubali, linapitisha data sekunde chache, kisha linajaa makosa. Zima CCP upande wako ujaribu tena.

Kamusi ya pamoja ina udhaifu mwingine. Pakiti moja ikipotea, kamusi za pande mbili hazifanani tena, na kila kinachofuata hakisomeki mpaka zianze upya. Kwenye laini chafu ubanaji unaweza kukupa hasara.

Kampuni ya Stac, yenye hiyo LZS, ndiyo iliyoishitaki Microsoft kuhusu ubanaji wa diski ndani ya MS-DOS 6, na mwaka 1994 jopo la waamuzi likaipa dola milioni 120. Hataza zilikuwa sehemu ya sababu ya kuwa na mbinu nyingi zisizoelewana.

Naandika amri kwenye mashine ya mbali kwa siriali ya 9600 na kila herufi inachelewa. Kubana kutasaidia?

Kubana data hakutasaidia, maana data yako ni baiti moja. Kubana vichwa vya pakiti kutasaidia sana. Herufi moja kwa TCP/IP inabeba kichwa cha baiti 40, jumla 41, na kwa 9600 hiyo ni karibu milisekunde 43 kwenda, kisha nyingine kama hizo herufi ikirudi kuonekana kwenye skrini. Van Jacobson aliona mwaka 1990, katika RFC 1144, kwamba sehemu kubwa ya kichwa haibadiliki kati ya pakiti moja na inayofuata, na inayobadilika huongezeka kwa hatua ndogo. Akatuma tofauti tu. Baiti 40 zikawa 3 hadi 5 kwa kawaida, na herufi yako sasa inapita kwa milisekunde 4 hadi 6.

Wazo hilo halikufa na siriali. Simu za sauti kupitia 4G hubana vichwa kwa ROHC, mjukuu wa kazi hiyo.

Sauti na muziki vilipitaje kwenye kilobiti 64?

Kwa kutupa kitu. Hadi hapa tumezungumzia ubanaji unaorudisha kila biti mahali pake. Sauti inavumilia kupoteza. G.722 ya mwaka 1988 inabeba sauti pana ya hadi kilohezi 7 ndani ya chaneli moja ya B, na vituo vya redio viliipenda kwa kuunganisha studio na mtangazaji aliye nje. Mikutano ya video ya H.320 mara nyingi ilifunga chaneli sita pamoja, kilobiti 384.

MP3 nayo ina mizizi humo. Profesa Dieter Seitzer wa Erlangen, Ujerumani, alitaka kupitisha muziki kwenye laini ya simu ya ISDN. Mkaguzi wa hataza alimwambia haiwezekani, naye akamkabidhi tatizo mwanafunzi wake, Karlheinz Brandenburg. CD hutoa kilobiti 1,411 kwa sekunde. Kuishusha hadi 128, upana wa chaneli mbili za B, unahitaji kupunguza mara 11, na hakuna kamusi ya Lempel na Ziv itakayokufikisha hapo. Ilibidi kujua sikio la binadamu halisikii nini.

Nikisimba data kwanza, kisha nibane?

Geuza mpangilio. Data iliyosimbwa vizuri haina marudio, haibaniki. SSH yenye chaguo la -C hubana kwanza, kisha husimba. Lakini si kila mahali pa kubana: shambulio la CRIME la mwaka 2012 lilionyesha kwamba urefu wa data iliyobanwa unaweza kuvujisha siri zilizochanganywa na maandishi ya mshambuliaji, na TLS 1.3, toleo la itifaki inayolinda mawasiliano ya tovuti, ikaondoa ubanaji kabisa.

Hoteli yetu inahama kutoka PRI ya chaneli 30 kwenda simu za IP. Megabiti 2 za intaneti zinatosha?

Kwa G.711, mbinu ile ile ya sauti ya kilobiti 64 iliyo kwenye PRI, hapana, ingawa ni sauti ile ile. Kila milisekunde 20 za sauti ni baiti 160, na juu yake kuna vichwa vya IP, UDP na RTP vya baiti 40. Mara 50 kwa sekunde hiyo ni kilobiti 80 kwa simu moja, au 87 hivi ukihesabu fremu ya Ethernet. Simu 30 kwa pamoja zinataka megabiti 2.6 kila upande, kupanda na kushuka.

Ukichagua G.729, mbinu inayobana sauti zaidi, sauti inashuka hadi kilobiti 8, lakini vichwa vinabaki vile vile: baiti 20 za sauti zimebebwa na baiti 40 za vichwa. Simu moja ni kilobiti 24 kabla ya Ethernet, simu 30 ni 720. Faksi haipiti salama kwenye G.729, na mashine za kadi zinazopiga simu kwa modemu nazo hazipiti. Kama bado mnazo mapokezi, ziachieni laini zake za G.711 au mzihamishie kwenye mtandao moja kwa moja kabla ya siku ya kukata PRI.